Pampu mbili kwenye bomba moja la inchi moja? Weka spana chini kwanza

Mkuu, acha kabisa. Umesema uko Sahare, una pampu mbili, ya hosipawa moja na ya nusu, unataka kuzikutanisha kwa tii, kile kiungo cha bomba chenye umbo la T, kwenye bomba la inchi moja lipande tangini. Umeuliza pia mnara uwe wa zege au wa chuma, na LUKU italiwa kiasi gani. Mnara utasubiri. Hiyo tii ndiyo itakufilisi.

Nilifanya hivyohivyo Pongwe, kwenye bustani yangu ya miche ya michungwa. Pampu kubwa peke yake ilijaza ndoo ya lita 20 kwa sekunde 24, ndogo sekunde 40. Kwa hesabu za darasa la nne, zikiwaka pamoja ni sekunde 15. Tukawasha. Sekunde 22! Pampu nzima ya pili imeniletea sekunde mbili na bili ya umeme.

Fundi ananiambia, "Maji yatajipanga yenyewe, mzee." Muuza vifaa naye, mtu asiyewahi kulowa hata soksi, akasema tatizo ni nguvu, chukua ya hosipawa moja na nusu. Nikachukua. Hapo ndipo nilipolipa ada ya ujinga. Ile mpya ikajaza presha bombani, ndogo ikashindwa hata kusukuma valvu yake ya kuzuia maji kurudi. Inanguruma tu, haitoi tone. Nikaigusa kwa kiganja, nikaruka kama niliyeshika sufuria ya ugali. Maji yaleyale yalikuwa yakizungushwa humo ndani mpaka yakachemka. Sili inayozuia maji kuvuja ikafa, wiki haikuisha mota nayo ikaungua. Mke wangu mpaka leo akipita pale stoo anaisalimia, "Shikamoo mzee."

Iko hivi: maji yakiongezeka mara mbili kwenye bomba lilelile, mwendo unakuwa mara mbili, lakini presha inayopotea inakaribia mara nne. Juu ya hapo tii yangu ilifungwa mikondo ikigongana uso kwa uso ndipo itokee katikati, kama bajaji mbili kwenye uchochoro wa Ngamiani. Y ya nyuzi 45 ingesaidia, maana maji yanaingia yakiwa yameshaelekea njia moja. Wajerumani walikuwa wakipima hasara za tii kule Munich tangu miaka ya 1920, ila wakati huo walishafukuzwa Tanga, bahati mbaya fundi wangu hakupata wa kumfunza. Ila usibadilishe tii tu ukadhani umemaliza. Kwangu tii ilidokoa tu. Mita 60 za bomba jembamba baada yake ndizo zilizokula mnofu.

Kwa hiyo: PANUA BOMBA PALEPALE MAJI YANAPOKUTANA. Si mita kumi mbele, si "tukipata hela". Eneo la tundu la bomba la inchi moja na nusu ni mara mbili na robo ya lile la inchi moja. Nilifukua mtaro wote, pamoja na pevingi niliyokuwa nimeilipia mwezi uliopita, nikalaza inchi moja na nusu, nikarudisha kubwa ya zamani na kununua ndogo nyingine. Ndoo sasa sekunde 14.

Na huyo fundi wako, akikwambia maji yatajipanga yenyewe, niambie anakaa mtaa gani. Nahisi ni yuleyule.