Nimepandia DAP misimu mitatu, maabara inasema fosforasi ni kidogo

Swali: Shikamoo mama. Nina hekta moja ya mahindi. Misimu mitatu mfululizo nimepandia mbolea ya DAP na kukuzia kwa urea, sijaruka hata mara moja. Bado mahindi yakikaribia kimo cha goti majani ya chini yanageuka zambarau na shamba linadumaa. Safari hii nikapima udongo. Majibu yanasema pH 4.8 na fosforasi kidogo sana. Jirani anasema maabara wamekosea, maana DAP ndiyo fosforasi yenyewe. Niongeze mfuko au nipime tena?

Jibu: Marahaba mwanangu. Mfuko usiongeze. Na sidhani kama maabara wamekosea, kwa sababu karatasi yako na mahindi yako vinasema jambo moja.

Sehemu kubwa ya fosforasi uliyoweka bado imo shambani. Naitrojeni mvua huizamisha, lakini fosforasi hukaa karibu palepale ilipoangukia. pH ni kipimo cha tindikali, namba ikishuka tindikali inapanda. Udongo ukishuka chini ya pH 5.5 hivi, alumini na chuma zilizomo huishika fosforasi hiyo kwa nguvu, na mzizi hauwezi tena kuinyonya. Kipimo cha maabara nacho hutafuta ile tu ambayo mmea unaweza kuipata, ndiyo maana kimekuandikia "kidogo". Wala usidhani 4.8 iko jirani na 5.8: kila pH ikishuka hatua moja, tindikali huongezeka mara 10.

Kabla hujafanya lolote nenda shambani na jembe. Chimbua mche mmoja uliodumaa, usiung'oe kwa mkono maana mizizi itakatikia ardhini. Suuza kwenye maji, uitazame. Ukikuta mizizi mifupi, minene, ncha zimevimba na vile vizizi vyembamba vya pembeni hakuna, hapo alumini imeshaidhuru. Ukikuta mizizi mizuri lakini imekwenda ubavuni kana kwamba imegonga sakafu, basi una tabaka gumu chini, na hilo chokaa haitalimaliza. Nakuomba ufanye hivi kwa sababu rangi ya zambarau peke yake haitoshi kuhukumu. Baridi nayo huileta kwenye miche michanga.

Jambo linaloniuma kukwambia, kwa jasho ulilotoa, ni kwamba DAP na urea zenyewe zimechangia tindikali hiyo. Vijidudu vya udongo vinapogeuza amonia kuwa naitreti, tindikali huzaliwa. Kwa msimu mmoja huoni kitu. Mwaka hadi mwaka bila chokaa, unaona.

Kwa hiyo chokaa ya kilimo itangulie, ipunguze tindikali hiyo. Kiasi kisome kwenye ushauri wa maabara, usikinakili kwa jirani: mfinyanzi huhitaji chokaa nyingi kuliko kichanga hata pH zikilingana, na ukizidisha unaukosesha mmea zinki na chuma. Usitumie chokaa ya kupaka kuta kwa vipimo vya chokaa ya kilimo, ni kali zaidi. Kama karatasi inaonyesha magnesiamu kidogo pia, tafuta ya dolomaiti. Imwage miezi 2 au 3 kabla ya kupanda, uichanganye na udongo wa juu kwa jembe. Ikibaki juu juu hufanya kazi polepole mno. Na usiichanganye na DAP kwenye shimo moja, amonia itapanda hewani na pesa yako nayo.

Halafu ndipo DAP ije, karibu na mbegu lakini isiiguse. Soma vizuri kama ushauri umeandikwa kwa fosforasi au kwa fosfeti, P2O5, yaani fosforasi pamoja na oksijeni. Mfuko wa kilo 50 wa DAP una kilo 23 za fosfeti, ambazo ni kama kilo 10 tu za fosforasi yenyewe. Wengi wameteleza hapo.

Swali: Mama, nilipeleka udongo wa shamba moja maabara mbili. Fosforasi ya kwanza 9, ya pili 31. Nani mwongo?

Jibu: Huenda hakuna. Maabara hutumia dawa tofauti kuitoa fosforasi kwenye udongo: kuna njia ya Olsen, ya Bray, ya Mehlich, na namba zake hazilinganishwi. Tazama jina la njia pembeni ya namba, na tazama kama wamekuandikia ni chini, wastani au juu kwa njia hiyo.

Lakini swali langu kwako ni jingine: udongo wenyewe uliuchukuaje? Nilipokuwa kijana maabara ililetwa sampuli yenye fosforasi nyingi ajabu. Nikaandika kwamba mbolea ya kupandia haihitajiki. Mwenye shamba akanisikiliza, akapoteza msimu. Alipoleta nyingine, nikakuta vichembe viwili vya kijivu vimekataa kupita kwenye chekeche la milimita 2. Ilikuwa DAP. Alibebea udongo kwenye mfuko wa mbolea, na mimi mara ya kwanza sikuuliza. Tangu siku hiyo nauliza kila mtu.

Safu ya udongo ya sentimita 20 kwenye hekta moja ina uzito wa zaidi ya kilo milioni 2. Wewe unapeleka nusu kilo, na maabara hupima gramu chache tu za hiyo. Kwa hiyo tembea shamba kwa zigizaga, chimba mahali 15 hadi 20, kila mahali kata kipande chenye unene uleule kutoka juu hadi sentimita 20. Ruka kichuguu, palipochomwa takataka, palipolala mifugo, chini ya mti na kando ya njia. Bondeni na mlimani kusanya mbali mbali, kila upande na mfuko wake. Tumia ndoo ya plastiki iliyooshwa, si ya bati, kwa sababu bati lina zinki. Vunja mabonge, changanya hadi rangi iwe moja, gawa mafungu manne, tupa mawili yanayotazamana, rudia mpaka ibaki nusu kilo. Anika kivulini, usikaushe motoni.

Swali: Natumia samadi tu, sina haja ya kupima, sivyo?

Jibu: Unayo, ndugu yangu. Samadi ni nzuri, hushika maji na hata hupunguza makali ya alumini, na ningependa kila shamba liipate. Ila hakuna samadi mbili zinazofanana: iliyokaa juani na kunyeshewa imekwisha poteza naitrojeni nyingi, iliyofunikwa bado inayo. Bila kupima hujui imeacha nini shambani. Pima kila baada ya miaka 3 hivi, na chukua sampuli kabla hujaimwaga, si wiki moja baadaye.