Neno "nusu" halitoshi kugawana likizo ya watoto

Swali: Wakili, mimi niko Kisumu na baba watoto yuko Nakuru. Wavulana wetu, wa miaka 11 na 4, wanaishi nami. Tuliandikiana kwa afisa wa watoto kwamba kila mzazi apate "nusu ya likizo". Desemba tuligombania Krismasi, kisha wakarudishwa usiku wa kuamkia kufunguliwa kwa shule, bila sare. Tuandike nini?

Jibu: Mama, hilo neno "nusu" ndilo lililowakosanisha. Halisemi nusu ipi, inaanza saa ngapi, wala nani anampeleka mtoto kwa nani.

Anzeni na kalenda ya Wizara ya Elimu. Ya 2026 ina wiki tatu Aprili, wiki tatu Agosti, na likizo ndefu ya wiki kumi hivi kuanzia mwisho wa Oktoba. Hizo fupi msizikate, watoto watazimalizia kwenye matatu. Mwaka wa namba shufwa, baba achukue Aprili nawe Agosti. Mwaka wa witiri mbadilishane. Huyo wa miaka 4 lakini, wiki tatu bila wewe ni nyingi mno kwake. Aende wiki ya mwisho tu, amkute kaka yake ameshazoea pale, na siku ziongezwe kila mwaka.

Likizo ndefu ndiyo yenye ugomvi, kwa sababu nusu ya pili ina Krismasi, mwaka mpya na ununuzi wa vitu vya shule, vyote kwa mzazi mmoja. Zungusheni: 2026 nusu hiyo iwe yako, 2027 iwe ya baba. Katikati ya 2026 ni Jumamosi, 28 Novemba, na ni vizuri kukabidhiana wakati huo kabla nauli hazijapanda. Mtoto wa Gredi ya Sita ahesabiwe kuanzia anapomaliza KPSEA, mtihani wa taifa wa mwisho wa shule ya msingi, maana mtihani unaweza kupita siku ya kufunga shule.

Kila likizo, iwe zamu ya nani, watoto wawe Kisumu siku nne kamili kabla ya kufungua. Sare zifuliwe, viatu vijaribiwe. Andikeni pia nani ananunua nini.

Kericho iko kati yenu. Tajeni steji yenyewe na saa, mathalani saa sita mchana, kila mmoja alipe nauli ya upande wake. Mtoto asikabidhiwe kondakta. Simu ya jioni iwe na saa yake, na dawa zisafiri na maelezo yaliyoandikwa.

Karo ikichelewa, usiwazuie watoto. Naye asikatae kulipa kwa sababu hakuwaona. Kifungu cha 53 cha Katiba kinawapa wote wawili wajibu sawa, mmeoana au hamkuoana. Matunzo yana madai yake mahakamani.

Mkishakubaliana, karatasi ya afisa wa watoto isiishie kwenye faili lake. Ipelekeni Mahakama ya Watoto pamoja na nakala za vyeti vya kuzaliwa na vitambulisho vyenu, muombe makubaliano yawe amri ya mahakama. Bila amri, mmoja akikaidi, mwenzake hana cha kutekelezewa. Na kando ya kila tarehe iandikwe kanuni yake, "Jumamosi ya kwanza baada ya shule kufungwa", ili Wizara ikibadilisha kalenda msilazimike kurudi kwa hakimu.