Kuhusu wasifu wa mama aliyepiga kinanda kanisani

Pole sana kwa msiba, ndugu yangu. Umeuliza iwapo katika wasifu wa mama yenu inatosha kutaja kwamba alipiga kinanda kanisani kwa miaka mingi, kisha mwendelee na watoto na wajukuu. Kwa maoni yangu haitoshi, kwa sababu kazi hiyo na ulezi wake wa ukoo vilikuwa kitu kimoja.

Bibi yangu alipiga kinanda katika ushirika wa Kimoravian huko Rungwe, ambako wamisionari wa kanisa hilo walifika mwaka 1891, na kinanda chake kilikuwa kile cha upepo, ambacho mpigaji hukikanyaga kwa miguu yote miwili bila kupumzika ili sauti isikatike. Masika ya Tukuyu, mji wa huko Rungwe, ni marefu na unyevu huvimbisha mbao, hivyo vibonye vilikwama mara kwa mara. Jumamosi jioni alivifuta kimoja kimoja kwa kitambaa kikavu, huku sisi wajukuu tukimshikia taa ya chemli na kuimba do, re, mi ili asikie kipi kimegoma. Hapo ndipo alipotufundisha kuimba kwa sauti nne za kwaya, na hapo ndipo alipojua nani hajalipiwa ada na nani amegombana na mkewe.

Tarehe za kuzaliwa na kuolewa zitachukua mistari mitatu tu. Nafasi inayobaki andikeni alivyokaa kwenye kinanda, wimbo aliopenda kuanza nao, na mjukuu aliyemfunulia kurasa.