Lehemu ikijikunja mpira, angalia joto na uchafu

Vijana wanaoanza kutengeneza simu na redio hapa Luthuli Avenue, Nairobi, huniuliza swali moja kila saa, mbona lehemu, ile waya ya kuyeyusha ya kuunganishia, inajikunja tu kwa ncha ya chuma cha kuchomea haishiki bodi. Wengi hudhani wameuziwa lehemu mbaya, lakini mara nyingi shida ni joto ama uchafu, so kabla urudi dukani kugombana na mtu soma hii kwanza.

Lehemu ikishayeyuka inajivuta yenyewe, tena inajivuta zaidi ya mara 5 kushinda maji, ndio maana tone dogo linakuwa duara kama maji juu ya jani la nduma. Itakubali kutandaa tu ikipata shaba safi na yenye moto. Shaba ikikaa kwa hewa inafanya ngozi ya oksaidi, na lehemu haishiki hapo hata ubembeleze aje, tone linateleza kando na ukiongeza lehemu unanenepesha tu mpira.

Sasa fanya hivi. Kwangua kidogo ama futa na spiriti, paka flaksi, ile dawa ya kuondoa oksaidi, halafu ncha iguse mguu wa resista (ama kifaa chochote unachounga) na shaba ya bodi zote mbili pamoja, ngoja kidogo, ndio upeleke waya ya lehemu kwa mguu, upande ule mwingine, si kwa ncha. Kama joto limeingia utaiona inalainika, inang'aa ghafla, alafu inakimbia yenyewe kuzunguka mguu mpaka inaingia kwa tundu. Hapo ndio napenda hii kazi! Toa waya kwanza, ncha baadaye, na usitikise mpaka igande. Kiungo kizuri kinashuka kwa mteremko toka mguuni hadi kwa shaba, kile kimevimba na kingo zimejikunja chini, rudia.

Ujue pia unatumia lehemu gani. Ya bati asilimia 63 kwa risasi (ile madini, lead) 37 inayeyuka na kuganda palepale digrii 183. Ile ya 60 kwa 40 inapitia ujiuji hadi kama 190, ukiitikisa hapo katikati kiungo kinatoka kibovu. Zisizo na risasi, ambazo ndizo ziko kwa simu nyingi za siku hizi, zinataka kama 217 kwenda juu. Mi huweka ncha karibu 350. Ukizidisha, flaksi inaungua kabla ifanye kazi na shaba ya bodi inabanduka.

Na tafadhali fungua dirisha, unawe mikono na sabuni kabla ushike chapo, hiyo risasi ni sumu na haitoki mwilini haraka.