Sijalewa, nimekunywa tu: maswali ya madereva wetu Uingereza

Msimu wa harusi ukianza, barua za pombe na gari huongezeka. Nimejibu za wale ambao maswali yao yanawahusu wengi.

Bia ngapi zinaruhusiwa kabla ya kushika usukani? Hapa Leicester mmoja ananiambia mbili, mwingine tatu.

Sheria haihesabu chupa. Kwa England na Wales inapima kilichomo kwenye pumzi: mwisho ni mikrogramu 35 za pombe katika mililita 100, au miligramu 80 katika mililita 100 za damu. Mtu wa kilo 60 na wa kilo 100 wakinywa sawasawa hawapulizi namba moja, na aliyeanza na sahani ya pilau hapulizi kama aliyefika na njaa. Scotland ni wakali zaidi, maana tangu Desemba 2014 mwisho wao ni 22. Ukiwa na 30 huko Carlisle, mpakani upande wa England, hujazidisha kiwango. Ukivuka tu kuingia Gretna, Scotland, una kesi. Anayekuambia "mbili" anakusimulia bahati yake.

Tatizo ni kwamba wengi wetu tumekuja na swali la nyumbani: je, alikuwa anaweza kuendesha? Kifungu cha 44 cha Sheria ya Trafiki ya Kenya kinamtazama dereva ambaye kileo kimemfanya ashindwe kulimudu gari, na hoja hiyo ndiyo iliyobishaniwa sana kesi ya Alcoblow, kipimo cha pumzi cha polisi wa Kenya, ilipofika Mahakama ya Rufani mwaka 2017. Uingereza nayo ina kosa la namna hiyo, lakini pembeni yake kuna kosa la namba peke yake. Namba ikizidi, kosa limetimia, hata kama ulinyoosha njia nzima bila kugusa mstari.

Harusi iliisha saa nane usiku. Nililala, nikaoga, nikanywa supu, saa mbili asubuhi nikaenda kazini. Kuna shida? (Mbeba boksi, Birmingham)

Ipo, na hapa ndipo watu wazima wenye akili zao wananaswa. Ini linachoma takriban yuniti moja kwa saa, na yuniti ni mililita 10 za pombe halisi. Painti moja ya bia ya asilimia 5 ina karibu yuniti 3. Chupa nzima ya mvinyo wa asilimia 12 ina 9. Tuseme ulikunywa painti sita kuanzia saa mbili usiku: hizo ni kama yuniti 17. Saa mbili asubuhi, baada ya saa 12, bado zimebaki 5, na 5 zinaweza kumfikisha mtu wa kilo 70 kwenye mstari au kumvusha. Supu, kahawa na maji ya baridi vinakuamsha. Pombe havigusi. Na ukizimua asubuhi, umeanza hesabu upya.

Hiyo ni hesabu ya makadirio, usije ukaipeleka mahakamani. Itumie kuamua kupanda basi.

Nilikuwa nimezidiwa, nikaona nilale garini, ufunguo mfukoni, hapo hapo kwenye maegesho ya baa. Askari wakanichukua. Sikuwasha hata injini!

Pole sana, kaka. Ulifanya kile ambacho nyumbani wangekusifu. Lakini hapa kuna kosa la kuwa na gari mikononi mwako, hata bila kuliendesha, ukiwa umezidisha kiwango, na maegesho ya baa yanahesabika kuwa mahali pa umma. Adhabu yake inafika miezi mitatu jela na faini ya pauni 2,500, na usipofungiwa leseni unapewa pointi 10. Utetezi upo: kuonyesha kwamba hapakuwa na uwezekano wa wewe kuendesha ukiwa bado umezidi. Mzigo wa kuonyesha ni wako, kwa hiyo chochote kinachothibitisha ulikuwa na safari nyingine, kama teksi uliyoagiza au ujumbe wa mke wako kwamba anakuja kukuchukua, mpe wakili.

Kama hujatimiza miaka miwili tangu upasi mtihani, jihadhari zaidi. Pointi 6 zinatosha leseni yako kufutwa, na unarudi kufanya nadharia na vitendo kama mwanafunzi. Anayemsimamia mwanafunzi kwenye kiti cha abiria naye anabanwa na kiwango kile kile. Wajomba mnaofundisha wapwa Jumapili asubuhi, mmesikia.

Shikamoo mjomba. Nikikataa kupuliza hawatakuwa na ushahidi, si ndiyo?

Marahaba. Hapana. Kukataa kipimo cha kituoni bila sababu ya msingi ni kosa lenyewe, lenye adhabu sawa na ya aliyezidisha: leseni kufungwa angalau miezi 12, faini isiyo na kikomo, na hadi miezi sita jela. Kusema unamsubiri wakili si sababu. Kituoni utapuliza mara mbili na watachukua namba ndogo, kwa hiyo ukikataa unatupa nafasi ya kukutwa chini ya kiwango. Kama Kiingereza hakipandi, sema papo hapo kwamba hujaelewa, uombe mkalimani.

Mimi natumia leseni ya Tanzania. Watanifungia nini?

Wanakufungia wewe. Amri ya mahakama inakukataza kuendesha barabara za huku, leseni iwe ya wapi. Na kumbuka kwamba mkazi anaruhusiwa kutumia ya Tanzania kwa miezi 12 tu.

Nafanya kazi ya kulea wazee, nimehukumiwa wiki iliyopita. Kazi na makaratasi yangu?

Dada, hii ni hukumu ya jinai, usiichukulie kama tikiti ya maegesho. Itaonekana kwenye DBS, yaani ukaguzi wa rekodi ya jinai, na alama ya DR10, ya kuendesha ukiwa umezidisha kiwango, inakaa kwenye leseni miaka 11. Soma mkataba wako wa kazi leo: nyingi zinakutaka umwarifu mwajiri. Fomu za ukaazi na uraia zinauliza kuhusu hukumu, jibu kweli. Nimeona watu wakiogopa faini ya pauni mia kadhaa hadi wakaandika uongo, na uongo ndio unaowaharibia.

Kama hakimu alikupa nafasi ya kozi ya madereva walevi, ichukue. Ukiimaliza kwa wakati, muda wa kufungiwa leseni unapungua kwa robo kwa kawaida. Ukirudia kosa ndani ya miaka 10, muda wa chini wa kufungiwa leseni unapanda hadi miaka mitatu. Na akifa mtu, tangu Juni 2022 jela inaweza kuwa ya maisha.

Basi nitumie skuta ya umeme?

Machoni pa sheria hiyo ni gari: 35 ile ile, miezi 12 ile ile. Kwa baiskeli ya miguu huwezi kufungiwa kwa namba, ila ukiyumba mpaka ushindwe kuimudu, faini inafika pauni 1,000.