Ngome ya kuwapeleka watoto wadogo bila kumaliza mfuko

SWALI: Tuko Uingereza, mimi na mume wangu, na watoto watatu wa miaka 7, 4 na 2. Likizo hii ya Agosti tunataka kuwapeleka kuona ngome ya zamani. Kila nikitazama viingilio nakata tamaa, na sijui ipi itawafaa watoto wa umri huu. Hatuna gari. Nichague vipi?

JIBU: Dada, Kiswahili chetu kina maneno mawili yatakayokusaidia hapa: kasri na ngome. Kasri ni makazi ya mfalme, yenye mazulia, picha za kuchora, vyombo vya kaure na kamba ya kuwazuia wageni. Ngome ni kuta za vita. Waingereza mara nyingi huviita vyote viwili kwa neno moja, "castle", ndiyo maana wazazi wengi hulipa pesa nyingi wakidhani wanakwenda ngomeni, kumbe wameingia kasri. Windsor, kwa mfano, ni pazuri mno, lakini ni makazi ya mfalme hadi leo. Mtoto wa miaka 2 atashinda humo akiambiwa "usiguse".

Kwa watoto wako mimi ningechagua magofu. Kuta zimebaki, paa hakuna, chini ni nyasi. Mengi yana kiingilio cha chini, na mengine hayana kiingilio kabisa, kwa sababu hakuna samani za kulinda. Na kwa mtoto ndiyo yana raha zaidi. Niliwahi kuongoza familia moja pale Bodiam, ngome ya mwaka 1385 iliyozungukwa na maji pande zote. Ukiwa nje unaiona kama nzima. Ndani ni kuta tupu. Mtoto wao wa miaka kama sita akasimama, akanyoosha kidole juu: kulikuwa na meko ukutani, huko juu kabisa, pasipo sakafu. "Nani alipanda kuwasha moto pale?" Nikamwonyesha mashimo ya mraba yaliyopangwa mstari mmoja chini ya lile meko. Humo ndimo zilimoingia boriti za sakafu ya juu. Kuanzia hapo alikagua kila ukuta akihesabu ghorofa zilizopotea. Jumba lenye samani halimpi mtoto kazi ya namna hiyo.

Sasa hesabu. Usiirukie tiketi ya familia. Bei yake hupangwa kwa watu wazima wawili na watoto hadi watatu, lakini katika ngome nyingi zinazotunzwa na English Heritage au National Trust, mashirika mawili ya kutunza maeneo ya kihistoria, mtoto wa chini ya miaka 5 haingii kwa malipo. Kwenu anayelipiwa ni yule wa miaka 7 peke yake. Jumlisha tiketi za watu wazima wawili na mtoto mmoja, ulinganishe, na mara nyingi utakuta tofauti ni ndogo au haipo.

Mkipanga kwenda zaidi ya mara mbili kwa mwaka, piga pia hesabu ya uanachama. English Heritage inatunza zaidi ya maeneo 400 ndani ya England, na kila mwanachama mtu mzima anaweza kuingia na watoto hadi 6. Kwa hiyo uanachama wa mzazi mmoja tu huwaingiza watoto wote. Uanachama huo ndio ninaoushauri kwa anayetamani Dover. Ni ngome kubwa, mnara wake mkuu ulijengwa na Mfalme Henry II katika miaka ya 1180, na kiingilio chake cha mlangoni si cha kuchezea. Septemba nayo ina siku za urithi, ambapo maeneo mengi ya kihistoria hufungua milango bure. Ikiwa Agosti si lazima, zingojee.

Kwa kuwa hamna gari, nauli inaweza kuzidi kiingilio, na hapo ndipo wengi huumia. Kwenye treni watoto wa chini ya miaka 5 hawalipi, wawili kwa kila abiria mwenye tiketi, na wa miaka 5 hadi 15 hulipa nusu. Iko pia kadi ya punguzo ya familia, inayoshusha theluthi moja kwa watu wazima na asilimia 60 kwa watoto. Ndiyo sababu ninawatuma watu Berkhamsted. Unashuka kwenye treni inayotoka London Euston, na ngome iko ubavuni mwa stesheni. Reli yenyewe ilikata sehemu ya maboma yake ya udongo ilipojengwa miaka ya 1830. Kiingilio hakuna. Utakuta vipande vya kuta, mitaro mirefu ya ulinzi, na kilima kilichorundikwa na watu ambacho mwanao wa miaka 7 atakipanda mara kumi. Katika mji huohuo wa Berkhamsted, mwaka 1066, wakuu wa Waingereza walijisalimisha kwa William wa Normandy.

Mkifika Wales, ngome ya Caerphilly ina mnara ulioinama kama nyuzi 10, zaidi ya ule wa Pisa. Watoto hupenda kusimama karibu nao wakijifanya wanauegemeza usianguke. Conwy ni ya fahari na kuta za mji wake hutembelewa bure, ila njia ya juu ni nyembamba na iko mbali na ardhi. Mimi simpandishi hapo mtoto wa miaka 2.

Kigari cha mtoto kiache nyumbani. Ngazi za minara huzunguka kama konokono, vidato vimelika katikati, na mkono mmoja lazima ushike kamba au chuma. Mbeleko ndiyo yenyewe, na huyo mdogo abebwe mgongoni na mmoja wenu anayebaki chini wakati mwingine anapanda na wakubwa. Penye mtaro wenye maji, mshike mkono yule wa miaka 4 tangu mlangoni.

Siku moja kabla, piga simu uulize mambo matatu: ni minara ipi imefungwa kwa matengenezo, je, kuna choo ndani, na mnaruhusiwa kula chakula mlichobeba. Magofu mengi ya bure hayana choo wala mgahawa. Kama hakuna, watoto waende choo stesheni, na kikapu cha chakula kiwe tayari.