Pauni ya kijani ya Ayalandi: mbona alama ya maji ina mwanamke mwingine?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Shangazi yetu, aliyefundisha miaka mingi pamoja na masista wa Loreto, ametangulia mbele ya haki. Ndani ya kitabu chake cha sala tumekuta noti ya kijani ya pauni moja ya Ayalandi, ya miaka ya 1960. Mbele ina mwanamke aliyejitanda shali. Nikiiinua kwenye mwanga naona kichwa cha mwanamke mwingine kabisa. Sahihi moja nayo haisomeki kwa Kiingereza. Kaka yangu anasema noti halali lazima alama ya maji ifanane na picha ya mbele, kwa hiyo hii ni bandia. Lakini hapo hapo anataka tuioshe doa lililopo na kuipiga pasi mikunjo, eti ipate bei. Je, ni noti halali? Bado ni pesa? Tuitunzeje? (Msomaji, Kitui)

JIBU: Marahaba mwanangu, na poleni sana kwa msiba. Kabla ya lolote, mwombe kaka yako azime pasi. Nitaeleza sababu, lakini hilo lisisubiri hadi mmalize kusoma.

Tuanze na alama ya maji, maana hapo ndipo kaka yako amekosea kwa namna inayoeleweka. Noti nyingi za sasa hurudia sura ile ile mbele na kwenye alama ya maji, lakini hiyo si sheria. Noti za Kenya zenye sura ya Mzee Kenyatta zina kichwa cha simba katika alama ya maji. Zile za zamani za Tanzania zenye sura ya Mwalimu Nyerere zina kichwa cha twiga. Pauni yenu imefuata mtindo huo huo: anayeonekana kwenye mwanga ni Hibernia, yaani Ayalandi iliyopewa umbo la mwanamke, kutokana na kazi ya mchongaji wa karne ya 19, John Hogan. Mwanamke wa mbele ni mtu aliyeishi. Kwa hiyo wanawake wawili tofauti ndicho hasa kitu tunachotarajia kukiona. Kama ungeniambia kuwa pauni hii yenye mwanamke wa shali ina sura yake huyo huyo kwenye alama ya maji, hapo ningeingiwa na shaka.

Huyo wa mbele ni Hazel Lavery. Alizaliwa Chicago mwaka 1880, akaolewa na mchoraji John Lavery, mzaliwa wa Belfast. Nyumba yao ya London ilitumiwa na wajumbe wa Ayalandi wakati wa mazungumzo ya mkataba na Uingereza mwaka 1921. Dola changa ya Ayalandi ilipoamua kuwa na noti zake, Joseph Brennan, mwenyekiti wa Tume ya Sarafu (chombo kilichotoa noti kabla ya Benki Kuu), na washauri wake walimwomba Sir John achore mwanamke wa kuwakilisha nchi, naye akamchora mkewe kama Kathleen Ni Houlihan, jina ambalo Waayalandi wamelitumia siku nyingi kuiita nchi yao katika mashairi na tamthilia. Noti zilitoka tarehe 10 Septemba 1928. Katika noti za pauni 10 kwenda juu picha ni kubwa: ameegemea kinubi, nyuma yake ziwa na milima. Za shilingi 10, pauni 1 na pauni 5 zilipewa kichwa na mabega tu. Jina lake halikuandikwa popote kwenye noti, ila kila mtu alizijua kwa jina hilo, na hata leo mkusanyaji akisema "Lady Lavery" anamaanisha toleo hili zima, lile tunaloliita Toleo A. Wengine husema mshairi W.B. Yeats ndiye aliyesimamia noti hizi. Hapana. Yeye aliongoza kamati ya sarafu za chuma, zile zenye wanyama.

Mwaka 1977 pauni hii ilianza kupokewa na nyingine, nayo ya kijani, yenye sura ya Medb, malkia wa hadithi za kale. Katika toleo hilo jipya Hazel Lavery aliondoka mbele na kuhamia kwenye alama ya maji, akabaki humo mpaka noti za mwisho kabla ya euro. Ndiyo maana watu wenye pauni mbili za kijani mkononi huchanganyikiwa. Tazameni mbele ni nani na ndani ya karatasi ni nani, na mtajua ni toleo gani.

Sasa geuzeni noti. Upande wa nyuma una kichwa cha mungu wa mto Lee, mto unaopita katika jiji la Cork. Hiki kimetoka kwenye jengo la forodha la Dublin, lililokamilika mwaka 1791, ambapo mchongaji Edward Smyth aliweka vichwa 14: mito 13 na bahari ya Atlantiki. Kwangu mimi huu ndio uamuzi mzuri kuliko yote katika toleo hili. Jengo lenyewe lilichomwa moto Mei 1921 katika vita vya uhuru, na miaka saba baadaye vichwa vyake vikawa mgongo wa pesa za nchi. Tena Smyth alichonga mito ya kisiwa kizima, kwa hiyo mto Lagan, unaopita Belfast, ukawekwa nyuma ya noti ya pauni 5 ya nchi ambayo mpaka wake haukuifikia Belfast, iliyobaki chini ya Uingereza. Hakukuwa na ramani wala kaulimbiu, ila aliyeijua mito yake alielewa.

Kuhusu sahihi isiyosomeka: noti nyingi za pauni 1 za miaka hiyo zilitiwa sahihi na Maurice Moynihan, gavana wa Benki Kuu kuanzia 1961 hadi 1969, naye aliandika jina lake kwa Kiayalandi: M. Ó Muimhneacháin. Ya pili, kama si ya toleo la mwisho mwisho, ni ya T.K. Whitaker, wakati huo katibu wa wizara ya fedha. Mwaka 1969 Whitaker akawa gavana, na jina lake likahamia upande wa gavana. Someni majina hayo pamoja na tarehe kamili iliyochapwa mbele. Noti hizi hubeba siku, mwezi na mwaka, na tarehe isipoendana na watia sahihi wake, hapo kuna tatizo. Kichwa cha maandishi nacho kinasaidia. Za mwanzo zinataja Tume ya Sarafu na Dola Huru ya Ayalandi, za baada ya katiba ya 1937 zinataja Tume na Ayalandi tu, na kuanzia 1943 zinataja Benki Kuu ya Ayalandi. Yenu lazima iwe na Benki Kuu.

Halafu kuna karatasi yenyewe. Chukueni lenzi ya kukuzia mara 10 mtazame mistari ya uso na shali. Chapa ya kweli ni mistari safi iliyochongwa kwenye bamba, na wino wake umekaa juu ya karatasi kiasi kwamba kidole kinahisi mikwaruzo. Picha ya printa huonekana vitone vitone. Mkipata taa ya kukagulia noti, ile ya urujuani inayotumika madukani, imulikeni gizani: karatasi ya noti ya wakati huo hubaki hafifu, haing'ai kwa buluu nyeupe kama karatasi ya ofisini.

Na hapo ndipo tunarudi kwenye sabuni. Sabuni za kufulia zina kemikali za kung'arisha weupe. Noti iliyooshwa hung'aa chini ya taa hiyo hiyo, na mnunuzi anayejua kazi yake ataigundua kwa sekunde chache. Mbaya zaidi, noti halali iliyooshwa hufanana na bandia katika kipimo hicho, kwa hiyo mtakuwa mmeitengenezea shaka wenyewe. Pasi nayo hulaza ule wino ulioinuka na kuipa karatasi mng'ao usio wake, wakati nyuzi zilizovunjika kwenye mikunjo hazirudi. Mulika tochi kwa ubavu na mikunjo yote itajitokeza. Noti iliyokunjwa mara mbili na yenye doa dogo inaheshimika miongoni mwa wakusanyaji. Ikishaoshwa na kupigwa pasi, inashushwa daraja hata kama inavutia macho. Nasema hivi kwa msisitizo kwa sababu nimeona noti nyingi nzuri zikiharibiwa na watu waliozipenda.

Bado ni pesa? Dukani hapana. Noti za pauni za Ayalandi ziliacha kuwa halali kwa malipo tarehe 9 Februari 2002, baada ya euro kuingia. Lakini Benki Kuu ya Ayalandi bado inazibadilisha bila kikomo cha muda, kwa kiwango kilichowekwa cha pauni 0.787564 kwa euro moja. Pauni yenu basi ni euro 1 na senti 27. Sisi tuliozoea mambo ya 2019, pale elfu moja ya zamani ya Kenya ilipokufa baada ya Septemba 30, tunaona ajabu, lakini ndivyo sheria yao ilivyo. Isipokuwa nauli ya posta ingemeza fedha yote, na mngetoa noti ya kukusanywa kwa bei ya chai na andazi.

Bei kwa wakusanyaji: msitegemee utajiri. Pauni 1 ya miaka ya 1960 ilichapwa kwa wingi na nyingi zimehifadhiwa, kwa hiyo iliyotumika hupata zaidi ya thamani yake ya asili, lakini si nyingi. Bei hupanda kwa mambo mengine: tarehe ya kwanza kabisa ya 1928, noti za pauni 50 na 100, na zile za wakati wa Vita Kuu ya Pili zilizochapwa herufi moja ya rangi upande wa mbele. Noti zilikuwa zikichapwa London na kampuni ya Waterlow, zikavushwa baharini, na herufi hiyo iliwezesha kutambua shehena iwapo ingepotea njiani. (Waterlow hao ndio waliochapa noti za rupia za Zanzibar za mwaka 1908, zile zenye jahazi, ambazo leo mkusanyaji wa Afrika Mashariki huzitamani bila kuzipata.) Kundi jingine linalotafutwa sana ni noti zenye mkulima anayelima kwa farasi wawili, zilizotolewa kuanzia 1929 zikiwa na majina ya benki nane za biashara. Humo tofauti ya jina la benki moja hubadilisha bei kabisa.

Utunzaji sasa. Itoeni kwenye kitabu cha sala, maana karatasi za vitabu vya zamani zina asidi inayohamia kwenye noti na kuacha rangi ya kahawia. Huenda doa lenu limetoka humo humo. Iwekeni katika mfuko wa poliesta usio na PVC. Ile mifuko laini ya albamu za bei rahisi, inayonuka plastiki, hutoa mvuke unaofanya noti inate. Msitumie selotepu hata kama kuna mpasuko, na msiifanyie laminesheni, kwani hiyo haina njia ya kurudi. Kitui ni kukavu, hilo ni jema. Mngekuwa Mombasa ningewaambia mweke na vipakiti vya kunyonya unyevu na kuvibadilisha mara kwa mara. Mende na wadudu wa karatasi wakabiliwe kwa kisanduku kinachofunga vizuri. Dawa za nondo msiziweke pamoja na noti.

Kisha andikeni kwenye kadi ya pembeni, kwa kalamu ya risasi, jina la shangazi, shule alizofundisha na mahali noti ilipopatikana. Masista wa Loreto walifika Kenya kutoka Ayalandi mwaka 1921, na noti inayoweza kufuatiliwa hadi kwa mwalimu aliyefanya kazi nao ina historia ambayo noti nyingine ya tarehe hiyo hiyo haina. Kadi isiguse noti. Mkiweza, nitumieni picha za pande zote mbili, moja ikiwa imepigwa mwanga ukitokea nyuma, na tarehe pamoja na namba zake zisomeke vizuri, niwaambie daraja lake.